Binti mfalme ambaye sheria haikumtaja

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha Nyeri. Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi kwenye kanisa la kumbukumbu la Waitaliano alikozikwa Amedeo, Duki wa Aosta. Aliyetuongoza alisema mama yake Duki alikuwa binti mfalme wa Ufaransa, tena aliyefukuzwa nchini mwake. Mtoto mmoja akauliza: 'Lakini mwalimu, si ulitufundisha Ufaransa ni jamhuri?' Nilikwama. Huyo mama alikuwa nani, ubinti mfalme wake ulitoka wapi, na alifukuzwa kwa kosa gani?"

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako amegonga penyewe. Jina la huyo mama ni Hélène wa Orléans. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1871, na siku hiyo Ufaransa ilikuwa haina mfalme kwa miaka 23. Wala hakuzaliwa Ufaransa. Alizaliwa York House, Twickenham, pembeni ya London.

Ubinti mfalme wake ulitoka kwa baba wa babu yake, Louis-Philippe, aliyetawala Ufaransa kuanzia 1830 hadi mapinduzi ya Februari 1848. Mzee huyo alinyoa ndevu zake za mashavuni, akavuka bahari hadi Uingereza kwa jina la kubuni, "Bwana Smith", akafia ugenini mwaka 1850. Mwaka ule wa 1848 ilipitishwa sheria ya kuupiga marufuku ukoo mzima usikanyage Ufaransa. Mwanawe mkubwa alikuwa ameshakufa kwa ajali ya gari la farasi mwaka 1842, kwa hiyo madai ya kiti yakamwangukia mjukuu, Philippe, aliyeitwa Comte de Paris. Huyo ndiye baba yake Hélène. Mtu mwenyewe hakuwa wa kukaa akisubiri taji limwangukie kichwani: mwaka 1861 na 1862 alikuwa Marekani, ofisa katika jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali McClellan, akipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya watu wengine. Alimwoa binti ya amu yake, ndiyo maana Hélène anamhesabu Louis-Philippe kuwa baba wa babu kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia.

Sasa angalia tarehe hii, maana ndiyo iliyonifanya nianze kumfuatilia mwanamke huyu. Sheria ya 1848 ilifutwa na Bunge la Ufaransa tarehe 8 Juni 1871. Hélène alizaliwa tarehe 13. Yaani alizaliwa uhamishoni siku tano baada ya uhamisho kwisha. Nimesoma maisha yake mara nyingi na kila mara naona jambo hilohilo: sheria zinapitishwa, zinafutwa, zinapitishwa tena, zinawataja wanaume wa ukoo wake, na yeye yuko pembeni kidogo ya mstari. Hazimtaji, lakini maisha yake yote yanakwenda zinakotaka.

Familia ikarudi Ufaransa. Palikuwa na matumaini ya kweli kwamba ufalme ungerudi pia, kwa sababu Bunge la wakati ule lilikuwa na wapenda ufalme wengi kuliko wapenda jamhuri. Kikwazo kilikuwa kwamba wafalme wenyewe walikuwa wawili. Tawi kubwa la Bourbon lilikuwa na mdai wake, Comte de Chambord, na tawi la Orléans lilikuwa na baba yake Hélène. Tena kati ya matawi hayo kulikuwa na damu: mwaka 1793 mkuu wa ukoo wa Orléans alipiga kura Louis XVI, ndugu yake, auawe. Hata hivyo walipatana kwamba Chambord, ambaye hakuwa na mtoto, atawale kwanza. Chambord akakataa bendera ya rangi tatu, akataka bendera nyeupe ya mababu zake, na mpango ukafia hapo mwaka 1873. Nchi ikabaki jamhuri kwa sababu ya kitambaa, ingawa wanahistoria wenzangu watanikemea kwa kulisema hivyo. Chambord alipokufa mwaka 1883, baba yake Hélène akabaki mdai mkuu wa kiti ambacho hakikuwepo.

Kosa, basi. Uliuliza kosa.

Dada yake mkubwa, Amélie, alichumbiwa na Carlos, mrithi wa kiti cha Ureno. Tarehe 15 Mei 1886 wazazi waliandaa tafrija ya kumuaga katika jumba la kifahari la mtaa wa Varenne, Paris, jumba ambalo leo ni ofisi ya Waziri Mkuu wa Ufaransa. Walialikwa mabalozi, wakaja. Wakaja makabaila, majenerali, wenye fedha. Magari ya farasi yakaziba mitaa. Magazeti ya wapenda ufalme yakaandika kwa furaha kana kwamba serikali nyingine ilikuwa imeshaapishwa mle ndani. Wanasiasa wa jamhuri walisoma magazeti hayohayo, na hawakucheka. Tarehe 22 Juni, mwezi mmoja baada ya harusi, sheria mpya ya kuwafukuza ikapita. Kosa ni hilo, mwalimu: orodha ya wageni wa sherehe ya binti kuolewa.

Tarehe 24 Juni familia iliondoka kwenye kasri lao la Eu, wakapanda meli bandarini Le Tréport, wakaelekea Uingereza. Hélène alikuwa ametimiza miaka 15 siku kumi na moja kabla.

Lakini isome sheria yenyewe. Iliwakataza kuingia Ufaransa wakuu wa koo zilizowahi kutawala, pamoja na warithi wao wa moja kwa moja kwa kufuata uzawa wa kwanza. Maana yake, katika nyumba ile iliwahusu watu wawili: baba, na kaka yake Hélène aliyeitwa Philippe. Wengine serikali ingeweza kuwafukuza kwa amri ikitaka, na wanaume wa ukoo walizuiwa kuwa wanajeshi au kugombea uchaguzi. Wanawake hawakutajwa. Hélène angeweza kupanda treni na kwenda Paris wakati wowote. Ila msichana wa miaka 15 anakwenda anakokwenda baba yake, na mwongozaji wenu hakukosea sana kusema alifukuzwa. Ukitaka ushahidi wa jinsi sheria ile ilivyokuwa ya ajabu, mtazame Amélie mwenyewe. Mwaka 1908 mumewe na mwanawe mkubwa walipigwa risasi mbele ya macho yake garini mjini Lisbon, naye akajaribu kumpiga muuaji kwa shada la maua alilokuwa nalo mkononi. Mwaka 1910 Ureno nayo ikawa jamhuri, akafukuzwa. Na hatimaye alikwenda kuishi wapi? Le Chesnay, karibu na Versailles, Ufaransa. Yule ambaye sherehe yake iliwafukuza baba na kaka aliruhusiwa kuishi nchini humo mpaka kufa.

Nirudi Uingereza, ambako Hélène alikulia. Alikuwa mrefu, mwepesi, hodari wa kupanda farasi, na alimpenda mtu asiyewezekana. Albert Victor, aliyeitwa Eddy nyumbani, alikuwa mwana wa kwanza wa Mwana Mfalme wa Wales na mjukuu wa Malkia Victoria. Baba yake akishatawala, yeye ndiye angefuata. Agosti 1890 wakachumbiana kule Scotland, nyumbani kwa dada yake Eddy, kisha wakaenda pamoja Balmoral kumwangukia bibi. Malkia Victoria, ambaye alikuwa ameonya juu ya jambo hili kabla, alilainika alipowaona wamesimama mbele yake.

Tatizo lilikuwa dini. Hélène alikuwa Mkatoliki, na sheria ya Uingereza ya 1701 ilisema anayeoa Mkatoliki anapoteza haki ya taji. Eddy akasema yuko tayari kuacha taji. Hélène akasema yuko tayari kuacha Ukatoliki. Watu wanapenda kulisimulia hili kama hadithi ya mapenzi tu, na mapenzi yalikuwepo, lakini mimi naona zaidi hesabu za baba. Comte de Paris alikuwa anadai kiti cha nchi ya Kikatoliki, na waliomuunga mkono walikuwa watu wa kanisa. Binti yake akiwa Mprotestanti ili awe malkia wa Uingereza, nani Ufaransa angemsikiliza tena? Akakataa kabisa. Hélène akafikisha shauri mpaka Roma kwa Papa Leo XIII, na jibu likawa hapana. Mwaka 1891 uchumba ukavunjika. Kiti ambacho hakikuwepo kilikuwa kimemnyima binti kiti kilichokuwepo.

Eddy alichumbiwa Desemba mwaka huohuo na Mary wa Teck, na wiki chache baadaye, tarehe 14 Januari 1892, akafa kwa nimonia iliyotokana na mafua makali yaliyokuwa yameenea Ulaya. Mary akaolewa na mdogo wake marehemu, George. Mjukuu wao mmoja, Elizabeth, alikuwa hukohuko kwenu, Treetops na Sagana, baba yake alipofariki tarehe 6 Februari 1952 naye akawa malkia. Wanafunzi wako wa Nyeri wanaishi katikati ya masalia ya posa hii bila kujua.

Comte de Paris alifariki Septemba 1894 akiwa bado uhamishoni. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1895, Hélène aliolewa mjini Kingston upon Thames na Emanuele Filiberto wa Savoia, Duki wa Aosta, binamu wa aliyekuja kuwa mfalme wa Italia, Vittorio Emanuele III. Mkwewe marehemu alikuwa amewahi kuwa mfalme wa Hispania. Mwaka 1870 Bunge la Hispania lilipiga kura kutafuta mfalme mpya, na baba huyo wa bwana harusi alipata kura 191. Mmoja wa walioshindwa alipata kura 27: alikuwa Montpensier, babu yake Hélène mzaa mama. Aliyeshinda aliuchoka ufalme huo baada ya miaka miwili na ushei, akaurudisha. Sijui ukoo mwingine uliopoteza viti vingi hivi na bado ukaendelea kualikana harusini.

Walipata wana wawili Turin: Amedeo mwaka 1898 na Aimone mwaka 1900. Baadaye makazi yao yakawa jumba la Capodimonte, Napoli, na hapo ndipo Hélène mtu mzima anapoanza kuonekana. Kifua chake kilikuwa kibovu na madaktari walimshauri nchi za joto. Wengine wangekwenda kuota jua pwani ya karibu. Yeye akaja Afrika, mara kadhaa, miezi na miezi, akiwinda, akipiga picha na kuandika, na mwaka 1913 akatoa kitabu kwa Kifaransa juu ya safari hizo. Alikuwa na mwenzake katika mapenzi hayo ya Afrika: shemeji yake Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, ndiye aliyeongoza msafara uliofika kilele cha Margherita kule Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, Juni 1906. Huyo naye alifia Somalia mwaka 1933 akazikwa hukohuko.

Kazi iliyompa heshima yake mwenyewe, si ya baba wala ya mume, ilikuwa ya uuguzi. Italia ilipoivamia Libya mwaka 1911 alihudumu kwenye meli ya hospitali iliyoitwa Menfi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika alikuwa mkaguzi mkuu wa wauguzi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Italia. Hakukaa ofisini. Alizunguka hospitali za mstari wa mbele, akikagua mashuka, vyakula, vidonda, na akiwakemea madaktari wazembe, huku mumewe akiongoza Jeshi la Tatu kwenye mto Isonzo. Alitunukiwa nishani ya fedha. Tabia yake haikuwa tamu kwa kila mtu. Inasimuliwa kwamba alimdharau Malkia Elena, mke wa Vittorio Emanuele III, aliyetoka nchi ndogo ya milimani ya Montenegro, na akimwita "binamu yangu mchunga mbuzi". Mtu asiye na kiti huwa mwepesi kupima viti vya wenzake.

Na hapa sitakuficha, kwa kuwa utakwenda kufundisha watoto. Baada ya vita Hélène aliegemea upande wa wazalendo wakali. Aliwaunga mkono mshairi D'Annunzio na watu wake walipouteka mji wa Fiume, Rijeka ya leo nchini Croatia, mwaka 1919, kisha akampokea Mussolini bila kinyongo, na kulikuwa na minong'ono mingi kwamba mafashisti, mfalme akiwakatalia, wangemweka mume wake Hélène badala yake. Mwanawe mkubwa alikulia katika hewa hiyo. Ila naye alikuwa na wakati wake wa kuvua cheo: mwanzoni mwa miaka ya 1920 alifanya kazi kama kibarua wa kawaida kwenye kiwanda cha sabuni kule Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa jina la Amedeo Della Cisterna, jina la nyumbani kwa bibi yake. Mwaka 1927 alioa Napoli, na bibi harusi alikuwa Anne wa Orléans, binti ya Isabelle, mdogo wake Hélène. Uhamisho wa Wafaransa ukaingia tena nyumbani, safari hii kama mkwe.

Emanuele Filiberto alifariki mwaka 1931. Miaka mitano baadaye Hélène aliolewa tena, kimyakimya, na kanali aliyeitwa Otto Campini. Mwaka huohuo majeshi ya Mussolini yaliingia Addis Ababa, na mwishoni mwa 1937 Amedeo akateuliwa makamu wa mfalme wa Afrika Mashariki ya Kiitaliano, mahali pa Graziani, ambaye chini yake maelfu ya raia wa Addis Ababa walichinjwa mwezi Februari wa mwaka huo. Amedeo alikuwa mpole kuliko aliyemtangulia, na watu husema hivyo kila anapotajwa. Waambie watoto ni kweli, na uwaambie pia kwamba upole wake ulikuwa wa mtu aliyekalia nchi ya wenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika, majeshi ya Uingereza yalipanda kutoka Sudan na kutoka Kenya, na KAR (King's African Rifles), askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiwa miongoni mwao. Duki alizingirwa mlimani Amba Alagi, akajisalimisha Mei 1941. Alizuiliwa Ol Donyo Sabuk, nje ya Nairobi. Tarehe 3 Machi 1942 akafa Nairobi kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 43. Kifua kile kile kibovu ambacho zamani kilimtuma mama yake Afrika kutafuta jua.

Aimone naye alitajwa kuwa mfalme wa Croatia mwezi uleule wa Mei 1941, akapewa jina la Tomislav II, na hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Alifariki Buenos Aires Januari 1948. Wana wote wawili walitangulia, wote ng'ambo.

Juni 1946 Waitaliano walipiga kura, ufalme ukaanguka. Katiba mpya, iliyoanza kutumika Januari 1948, iliwakataza kukaa Italia waliokuwa wafalme wa nyumba ya Savoia, wake zao, na vizazi vyao vya kiume. Soma orodha hiyo taratibu, mwalimu. Hélène hakuwa mke wa mfalme, na hakuwa mwanaume. Kwa mara ya pili sheria ilipita pembeni yake, na safari hii hapakuwa na baba wa kumfuata. Akabaki pale ghuba ya Napoli.

Tarehe 24 Juni 1950 Ufaransa ikaifuta sheria ya 1886, miaka 64 tangu familia ipande meli Le Tréport, tarehe ileile. Hélène alikuwa na miaka 79. Alifariki tarehe 21 Januari 1951 huko Castellammare di Stabia na kuzikwa Napoli. Amélie alimfuata mwezi Oktoba. Kanisa mliloingia na wanafunzi wako lilijengwa 1952, kwa hiyo mama hakuwahi kuliona.